Kura ya kupanga wagombea na mchujo wa wazi: mageuzi mawili ya uchaguzi wa miji ambayo hayafai kutenganishwa

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, habari zenu.

Tangu Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, aliposhinda mchujo wa chama cha Democratic wa kumpata mgombea umeya wa New York tarehe 24 Juni 2025, nimesoma mijadala mingi ya Kiswahili kuhusu asili yake, dini yake na ahadi zake za kodi za nyumba na mabasi ya bure. Kuhusu utaratibu wa kura uliotumika siku ile nimeona machache mno, na baadhi yake yamepotoshwa, kama vile dai kwamba kila mtu alipewa kura tano. Naomba tuuzungumze utaratibu huo kwa utulivu, kwa sababu ni sehemu ya mageuzi makubwa yanayogombaniwa katika miji na majimbo ya Marekani, na kwa sababu nina msimamo juu yake ambao ningependa upimwe na wenye hoja.

Karatasi ya kura ilikuwa na majina 11 yaliyopangwa kwenda chini, na mbele ya kila jina kulikuwa na viduara vitano vilivyopangwa kwenda kulia: cha chaguo la kwanza, cha chaguo la pili, na kuendelea hadi la tano. Mpiga kura alijaza wino kiduara kimoja katika kila safu kwa jinsi alivyowapenda wagombea, na aliyemtaka mmoja tu aliruhusiwa kuishia kwa huyo mmoja. Wakati wa kuhesabu, machaguo ya kwanza huhesabiwa kabla ya yote, na akipatikana mwenye zaidi ya nusu, kazi imekwisha. Asipopatikana, wagombea wa mkiani huondolewa, na kila karatasi iliyokuwa kwao huhamia kwa mgombea anayefuata katika mpangilio wa karatasi hiyo hiyo, mpaka mshindi apatikane. Karatasi moja hubaki kura moja mwanzo hadi mwisho, na kinachobadilika ni fungu inamokaa.

Mamdani alipata takribani asilimia 44 ya machaguo ya kwanza, na Andrew Cuomo, gavana wa zamani wa jimbo, akapata asilimia 36. Wengine walipoondolewa, Mamdani alifika asilimia 56. Ni wazi kwamba angeshinda hata kwa utaratibu wa kawaida wa mwenye kura nyingi, kwa hiyo anayesema kwamba kura ya kupanga ndiyo iliyompa ushindi anakosea. Kilichobadilika ni mwenendo wa kampeni. Tarehe 13 Juni yeye na Brad Lander, mdhibiti wa fedha za jiji aliyekuwa akigombea kiti kile kile, walitangaza kuungana mkono, kila mmoja akiwaomba wafuasi wake wamweke mwenzake katika nafasi ya pili. Katika uchaguzi wa kawaida, Lander angekuwa ameshinikizwa ajitoe, na kila aliyempigia kura angelaumiwa kwa kumsaidia Cuomo. Hapa aliendelea hadi siku ya mwisho, wafuasi wake wakapiga kura kwa dhamiri zao, na kura hizo hazikupotea.

Hadi hapo nausifu utaratibu huu kwa moyo wote. Lakini tuutazame mlango wa kuingilia. Mchujo wa New York umefungwa, maana yake anayeruhusiwa kupiga kura ni yule tu aliyejiandikisha katika chama husika, na anayetaka kuhamia chama kingine hutakiwa kuwa amefanya hivyo ifikapo tarehe 14 Februari, yaani zaidi ya miezi minne kabla ya mchujo wa Juni. Wakazi walioandikishwa bila chama chochote wanazidi milioni moja, idadi inayokaribiana na kura zote zilizopigwa katika mchujo ule. Watu hao wanalipa kodi zinazogharimia shughuli yote, ilhali katika jiji ambalo chama kimoja kina wafuasi wengi kupita vyote, mchujo wa chama hicho ndio unaoamua mambo mengi kabla ya Novemba kufika. Yeyote aliyewahi kuishi katika ngome ya chama, iwe Kenya au Tanzania, analijua jambo hili bila kufundishwa: ukishapata tiketi, siku ya uchaguzi mkuu ni ya kuthibitisha tu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kura ya maoni ya Novemba 2019, iliyoungwa mkono na karibu robo tatu ya waliopiga kura, iliingiza kupanga wagombea katika mchujo na chaguzi ndogo za nafasi za jiji peke yake. Uchaguzi mkuu wa Novemba 2025 uliendeshwa kwa utaratibu wa zamani, kwa hiyo Cuomo aliporudi kama mgombea huru, Curtis Sliwa wa Republican alishinikizwa hadharani ajitoe asije akagawa kura. Alikataa, na hilo lilikuwa haki yake. Mamdani alishinda kwa zaidi kidogo ya nusu ya kura, na laiti angeshinda kwa asilimia 45, malumbano yangekuwepo hadi leo. Jiji hilo basi lina kura ya kupanga mahali ambapo mlango umefungwa, na mahali ambapo mlango uko wazi kwa wote, halina kura ya kupanga.

Msimamo wangu ni kwamba mageuzi haya mawili, yaani kura ya kupanga na mchujo wa wazi, yanategemeana, na kwamba mji unaochukua moja na kuliacha jingine huliacha tatizo lake kubwa mahali pale pale. Naomba hoja zenu.

Mjumbe, Nairobi

Mkuu, ahsante kwa maelezo. Naona umelizunguka swali la msingi. Kwetu Kenya, rais ni lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, na asipopatikana mtu wa namna hiyo, wawili wa kwanza hurudi kwa wananchi katika duru ya pili. Mwaka 2013 tulikaribia sana duru hiyo, kwani Uhuru Kenyatta alivuka kwa asilimia 50.07. Magavana wetu, kwa upande mwingine, huchaguliwa kwa wingi wa kura tu, hata kama ni theluthi moja. Ningekuelewa kama ungesema magavana nao wawekewe duru ya pili, ambayo kila mwananchi anaielewa: wamebaki wawili, chagua mmoja. Kwa nini tuingie katika hesabu za karatasi kuhamahama, ambazo mama yangu kijijini hawezi kuzifuatilia kituoni kama anavyofuatilia kura zikihesabiwa kwa sauti, moja baada ya nyingine? Tena nimesoma kwamba utaratibu huu umewahi kumtupa nje mgombea ambaye wengi walikuwa tayari kumkubali. Je, ni kweli?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Nairobi, maswali yote mawili ni ya haki, na la pili ni zito zaidi.

Kuhusu duru ya pili, New York yenyewe ilikuwa nayo. Katika mchujo wa nafasi za jiji zima, kama hakuna aliyefika asilimia 40, wawili wa kwanza walirudiana baada ya wiki chache. Mwaka 2013 nafasi ya mtetezi wa umma, afisa wa kuchaguliwa anayeshughulikia malalamiko ya wakazi dhidi ya serikali ya jiji, ilirudiwa kati ya Letitia James na Daniel Squadron, na marudio hayo yalikadiriwa kugharimu dola milioni 13, ilhali bajeti ya ofisi yenyewe kwa mwaka ilikuwa kama dola milioni 2.3. Waliojitokeza walikuwa takribani asilimia 7 tu ya waliostahili. Gharama inaweza kuvumiliwa kwa ajili ya urais wa nchi, lakini katika uchaguzi wa madiwani na mameya, duru ya pili huamuliwa na wale wachache wenye muda, usafiri na chama cha kuwasukuma. San Francisco ilipitisha kura ya kupanga mwaka 2002 na kuanza kuitumia mwaka 2004, ili wananchi wasirudi kituoni Desemba kwa jambo walilokwisha kulitolea maoni Novemba.

Kuhusu swali la pili, ni kweli. Mwaka 2009 mji wa Burlington, Vermont, ulimchagua meya kwa utaratibu huu. Kurt Wright wa Republican aliongoza kwa machaguo ya kwanza, Bob Kiss wa chama cha Progressive akafuatia, na Andy Montroll wa Democratic akawa wa tatu. Montroll alipoondolewa, kura zake nyingi zilimwendea Kiss, naye akashinda. Karatasi zilipochambuliwa ilionekana kwamba Montroll angemshinda Wright wakiwa wawili, na angemshinda Kiss wakiwa wawili. Watu walikasirika, hasa kwa kuwa utawala wa Kiss ulikuwa umechafuliwa na kashfa ya fedha za kampuni ya mawasiliano ya mji, na mwaka 2010 utaratibu ukafutwa.

Alaska ilirudia jambo lile lile Agosti 2022, katika uchaguzi mdogo wa kujaza kiti cha marehemu Don Young katika Baraza la Wawakilishi. Walibaki Mary Peltola wa Democratic, na Sarah Palin na Nick Begich, wote wawili wa Republican. Begich alikuwa wa tatu, akaondolewa. Karibu nusu ya karatasi zake zilihamia kwa Palin, zaidi ya robo zikaenda kwa Peltola, na takribani moja katika kila tano haikuwa na jina jingine, ikaishia njiani. Peltola akashinda kwa asilimia 51.5, akawa mwenyeji wa asili wa Alaska wa kwanza kuliwakilisha jimbo hilo katika Kongresi. Karatasi zenyewe zilionyesha kwamba Begich angemshinda yeyote kati yao wakiwa wawili.

Hili ni kasoro ya kweli, na sina sababu ya kuifunika. Lakini tuzifanyie chaguzi hizo mbili mtihani wa dawa unayoipendekeza. Kwa wingi wa kura, Burlington ingempata Wright, na Alaska ingempata Peltola yule yule. Kwa duru ya pili, Burlington ingewarudisha Wright na Kiss, na Alaska ingewarudisha Peltola na Palin, maana hao ndio waliokuwa wawili wa kwanza. Mgombea wa katikati, anayekubalika kwa wengi lakini akiwa chaguo la kwanza la wachache, hutupwa nje na taratibu zote tatu. Mwenye kuikataa kura ya kupanga kwa sababu hii hana budi aikatae pia duru ya pili. Wananchi wa Burlington waliyapima haya upya: mwaka 2021 walirudisha utaratibu huo kwa madiwani, na mwaka 2023 kwa meya.

Kuhusu mama yako kijijini, nitalijibu baadaye, kwa sababu hilo linahusu imani ya umma na si hesabu.

Mjumbe, Portland, jimbo la Maine

Wapendwa, nimefuatilia kimya kimya, lakini sasa inanibidi niseme, kwa sababu mji wetu wa Portland umeishi na utaratibu huu kwa zaidi ya miaka kumi, na hapa Kiswahili kinasikika kila siku kutoka kwa ndugu wa Kongo, Burundi na Rwanda waliokuja kuomba hifadhi.

Maine ilifikia hapa kwa uchungu. Mwaka 2010 Paul LePage alichaguliwa kuwa gavana kwa chini ya asilimia 38, kwa sababu wapinzani wake, Eliot Cutler aliyekuwa mgombea huru na Libby Mitchell wa Democratic, waligawana kura zilizobaki. Mwaka huo huo, watu wa Portland walipitisha mabadiliko ya mkataba wa mji, yaani sheria kuu inayouongoza mji, yaliyorudisha meya wa kuchaguliwa na wananchi, jambo ambalo halikuwepo tangu 1923, na wakaamua achaguliwe kwa kupanga wagombea. Mwaka 2011 walijitokeza wagombea 15, na Michael Brennan akashinda. Jimbo zima lilifuata kwa kura ya maoni ya 2016. Mahakama Kuu ya Maine ikatoa maoni mwaka 2017 kwamba katiba ya jimbo inataka wingi wa kura kwa gavana na wabunge wa jimbo katika uchaguzi mkuu, kwa hiyo leo tunapanga wagombea katika mchujo na katika nafasi za kitaifa tu. Mwaka 2018, katika kiti cha Baraza la Wawakilishi, Jared Golden wa Democratic alikuwa nyuma kidogo ya Bruce Poliquin wa Republican katika machaguo ya kwanza, na alipita baada ya karatasi za wagombea wawili huru kuhamishwa, kwa tofauti isiyofika kura 4,000. Karatasi na kumbukumbu za mashine zilisafirishwa kwa magari kutoka miji midogo hadi Augusta, makao makuu ya jimbo, zikahesabiwa pamoja. Poliquin alikwenda mahakamani na akashindwa.

Nizungumzie kwa ukaribu yale ninayoyaona wakati wa kuwasaidia wapiga kura wapya, wale waliokwisha kupata uraia. Kosa la kwanza ni mtu kumjazia mgombea wake mpendwa viduara vyote kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, akiamini kwamba anamwongezea nguvu. Hamwongezei chochote, karatasi yake inahesabiwa mara moja, na mgombea huyo akiondolewa, karatasi imekwisha. Kosa la pili ni kujaza watu wawili katika safu moja, kwa nia njema ya kusema wote ni sawa kwake, na hapo mashine haiwezi kuendelea na karatasi hiyo. La tatu ni kuruka safu mbili mfululizo, ambalo kwa sheria za jimbo letu nalo huisimamisha karatasi. Mzee mmoja wa Bukavu aliniuliza swali zuri kuliko yote: kama simpendi kabisa fulani, je, nimweke wa mwisho au nimwache wazi? Nilimweleza kwamba kumwacha wazi na kumweka wa mwisho hutofautiana pale tu wote waliobaki wanapokuwa ni wale asiowapenda, na kama hata hapo ana afadhali yake, basi ampange. Alielewa mara moja. Watu wetu wamezoea kupanga vipaumbele katika maisha magumu kuliko haya. Kinachowakwamisha ni maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ya wanasheria.

Mwaka 2021 tulipata tukio ambalo hapa bado linazungumzwa. Katika kiti kimoja cha diwani wa mji mzima, baada ya wengine kuondolewa, Brandon Mazer na Roberto Rodriguez walifungana kura kwa kura. Mkataba wa mji ulitaka kura ya bahati nasibu, kwa hiyo jina lilichukuliwa hadharani kutoka kwenye bakuli, likatoka la Mazer. Siku chache baadaye karatasi zilihesabiwa upya kwa mkono, na Rodriguez akapatikana mshindi kwa kura chache, hazikufika 50. Wapo waliosema kwamba hiyo ni dalili ya mfumo mbovu. Mimi naona kinyume chake: karatasi zilikuwepo, zilishikika mkononi, na kila upande ulikuwa na watu wake mezani wakizitazama.

Kuhusu mlango anaousema mwanzisha uzi, chaguzi za mji wetu hazina vyama kabisa, kwa hiyo mji hauna mchujo wa chama wa kufungiwa nje. Katika nafasi za jimbo, Maine ilibadilisha sheria, na tangu 2024 asiye na chama anaruhusiwa kuchagua mchujo wa chama kimojawapo na kupiga kura humo. Kwa wahamiaji hili ni jambo kubwa, kwa sababu wengi wetu, tukiulizwa chama siku ya kujiandikisha, huacha wazi. Tumetoka katika nchi ambako kujulikana chama chako kumegharimu watu maisha. Nikumbushe pia kwamba katika kura ile ile ya 2010 iliyotuletea meya, palikuwa na pendekezo la kuwaruhusu wakazi wasio raia kupiga kura za mji, na lilishindwa kwa tofauti ndogo. Ndugu wengi wanaosubiri kesi zao za hifadhi wamebaki nje ya mageuzi haya yote, na hakuna mpangilio wa wagombea unaowagusa.

Mjumbe, Dar es Salaam

Ndugu mwanzisha uzi, mchango wa ndugu wa Maine umenigusa, lakini mimi nina tatizo na mchujo wa wazi wenyewe. Chama ni cha wanachama wake. Wamelipa ada, wamekaa vikao, wamebandika mabango usiku. Kwa nini mtu asiyejulikana kokote aje siku moja awachagulie mgombea, kisha arudi nyumbani? Na ni nani atawazuia wapinzani kuingia kwa makundi na kumpitisha aliye dhaifu, ili wamshinde kirahisi baadaye? Hapa kwetu tumeona kura za maoni ndani ya vyama zikiharibiwa na fedha hata pale wapiga kura walipokuwa wajumbe wanaofahamiana. Ukiufungua mlango kwa wote, mwenye fedha atafaidi zaidi.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Dar es Salaam, hoja yako ya kwanza ndiyo ile ile iliyokubaliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2000, ilipoufuta mchujo wa California uliomruhusu mpiga kura yeyote kuchagua mgombea wa chama chochote. Majaji walisema kwamba chama hakiwezi kulazimishwa na serikali kuwakaribisha wageni katika kumteua msemaji wake. Nakubaliana nao. Ndiyo maana mchujo wa wazi ninaoutetea ni wa namna nyingine, ambao mahakama hiyo hiyo iliuruhusu mwaka 2008 katika shauri la jimbo la Washington: wagombea wote wa vyama vyote na wasio na chama huwekwa katika karatasi moja, wapiga kura wote huipokea karatasi hiyo, na wachache wa juu huendelea hadi uchaguzi mkuu. Kwa utaratibu huu hakuna anayekichagulia chama mgombea. Chama kinabaki huru kufanya vikao vyake, kumtangaza mtu wake na kumpigia debe. Kinachopoteza ni uwezo wa kuamua peke yake ni nani watakaofika mbele ya wananchi, tena kwa gharama za umma. Wasiwasi wa wapinzani kuvamia nao hupungua sana, kwa sababu anayempigia kura mpinzani dhaifu anakuwa ameitupa kura ambayo ingemsaidia mtu wake mwenyewe apite katika karatasi ile ile.

Lakini hapa ndipo unapoonekana ubaya wa kufungua mlango bila kura ya kupanga. California ilipitisha mwaka 2010 utaratibu wa kupitisha wawili tu. Mwaka 2012, katika jimbo la uchaguzi la 31 la Baraza la Wawakilishi, lenye wapiga kura wengi wa Democratic, wagombea wanne wa chama hicho waligawana kura, na wawili waliopita walikuwa wote wa Republican. Novemba wananchi wengi walijikuta hawana mtu wao kwenye karatasi. Mlango ulikuwa wazi, waliingia wote, na kura zikagawanyika mlangoni. Kosa lilikuwa kupitisha watu wachache mno kwa alama moja ya wino.

Alaska ilijifunza kutokana na hilo. Kura ya maoni ya 2020 iliweka mchujo wa pamoja unaopitisha wanne, kisha uchaguzi mkuu wa kuwapanga hao wanne. Katika ule uchaguzi mdogo wa 2022, mchujo wa kwanza ulikuwa na wagombea 48 katika karatasi moja, jambo lililowatisha wengi, lakini walipita wanne kama ilivyopangwa, kabla ya Al Gross kujitoa na kubaki wale watatu niliowataja. Novemba ya mwaka huo huo Lisa Murkowski, seneta wa Republican aliyekosana na viongozi wa chama chake mwenyewe, alirudi bungeni kwa msaada wa machaguo ya pili na kuendelea kutoka pande mbalimbali. Ni vigumu kuamini kwamba angevuka mchujo uliofungwa wa Republican peke yao. Walioshindwa walijaribu kuufuta utaratibu huo mwaka 2024, na wakashindwa kwa kura zisizofika 800 katika jimbo zima.

Mwaka huo huo wa 2024, mageuzi ya aina hii yalikataliwa na wapiga kura wa Nevada, Colorado, Idaho, Oregon na kwingineko, na Missouri ikapiga marufuku kura ya kupanga. Sidhani kwamba wananchi hao hawakuelewa. Mengi ya mapendekezo hayo yaliletwa na makundi yenye fedha nyingi kutoka nje ya majimbo, yakaandikwa kwa ajili ya jimbo zima kwa mkupuo mmoja, kabla miji yao mingi haijapata nafasi ya kuyajaribu. Ndiyo sababu nasisitiza uchaguzi wa mitaa. Mji ukikosea, kama Burlington, unaweza kufuta na kurudisha bila kulitikisa jimbo zima, na wapiga kura hujifunza kwa nafasi za udiwani na bodi za shule kabla ya kufika kwenye nafasi kubwa.

Mfano unaonihuzunisha ni wa jiji la Washington, D.C., mji mkuu wa Marekani. Novemba 2024 karibu robo tatu ya wapiga kura wake walipitisha pendekezo lenye sehemu zote mbili: kupanga wagombea, na kuwaruhusu wasio na chama kuingia katika mchujo. Mwaka 2025 baraza la jiji lilitenga fedha kwa ajili ya kupanga wagombea kuanzia mchujo wa Juni 2026, na sehemu ya kuufungua mchujo haikupewa fedha. Tume ya kurekebisha mkataba wa New York nayo iliujadili mchujo wa wazi mwaka huo huo, na mwishowe haikuupeleka kwa wananchi. Katika miji yote miwili, waliokuwa na uwezo wa kuufungua mlango ni wale wale walioingia madarakani ukiwa umefungwa. Kupanga wagombea kunawasumbua kidogo. Kuongezewa wapiga kura wasiowajua kunawasumbua sana.

Kuhusu fedha, ndugu wa Dar es Salaam, sina dawa. Mchujo wa wapiga kura milioni moja haununuliki kwa bahasha kama mkutano wa wajumbe mia tatu, lakini matangazo ya televisheni nayo yana bei, na mwenye mfuko mnene hununua mengi. Huo ni ugonjwa mwingine unaohitaji sheria zake.

Nimalizie kwa mama wa kijijini, niliyeahidi kumrudia. Imani ya umma katika kura ya kupanga imejeruhiwa mara mbili vibaya, na mara zote kosa lilikuwa la maofisa. Tarehe 29 Juni 2021 Bodi ya Uchaguzi ya New York ilitangaza matokeo ya awali ya mchujo wa umeya yakiwa yamechanganyika na karatasi takribani 135,000 za majaribio ambazo hazikuondolewa kwenye kompyuta, ikabidi iyafute hadharani. Eric Adams hatimaye alimshinda Kathryn Garcia kwa kura 7,197, na takribani karatasi 140,000 zilikuwa zimeishia njiani bila kumfikia yeyote kati ya hao wawili. Hizo 140,000 zinaniumiza zaidi kuliko zile 135,000, kwa sababu ni watu halisi, na baadhi yao wangekuwa na neno kati ya Adams na Garcia kama wangeelezwa vizuri au wangepewa zaidi ya nafasi tano.

Mara ya pili ni Oakland, California, Novemba 2022, katika kiti cha bodi ya shule. Msajili wa kaunti alikuwa ameiweka programu ya kuhesabu vibaya kuhusu karatasi zilizoachwa wazi katika chaguo la kwanza: badala ya chaguo la pili la karatasi hizo kupandishwa mara moja, zilisubirishwa. Mtu asiye mshindi akathibitishwa na kuapishwa. Kosa liligunduliwa na watu wa nje ya ofisi hiyo, waliochukua kumbukumbu za karatasi zilizochapishwa na kuzihesabu upya wenyewe, na mwaka 2023 mshindi halali akapewa kiti chake baada ya shauri kufika mahakamani.

Kwa hiyo sharti langu kwa mji wowote unaotaka mageuzi haya ni kwamba kumbukumbu ya kila karatasi, bila jina la mpiga kura, ichapishwe pamoja na matokeo yenyewe, katika hali ambayo chama, gazeti au mwalimu wa hesabu anaweza kuichukua na kuhesabu upya duru kwa duru. Machaguo ya kwanza yaendelee kuhesabiwa na kubandikwa katika kila kituo, kama mama wa ndugu yetu alivyozoea, ili jumla ya vituo iweze kulinganishwa na duru ya kwanza ya kompyuta. Na maelezo yatolewe katika lugha za watu wa mji huo, kwa mfano wa karatasi iliyojazwa, pamoja na yale makosa matatu aliyoyataja ndugu wa Portland. Walioko Minneapolis, ambako madiwani wamechaguliwa hivi tangu 2009, naomba mtueleze jinsi hayo yanavyofanyika kwenu, hasa katika vituo vyenye wahamiaji wengi.